Jinsi ya Kurudi Barbary Lane Bila Kugombana na Kila Mtu

Usiku wa kwanza niliandika makosa 11. Ilikuwa Juni 2019, Netflix wameachia kwa mkupuo sehemu zote 10 za Tales of the City, tamthilia iliyotokana na riwaya za Armistead Maupin kuhusu wapangaji wa nyumba moja ya San Francisco, nami nimekaa na daftari mapajani kama msimamizi wa mtihani. Mwigizaji wa Michael si yule. Mary Ann mbona hajazeeka? Shawna hajui kwamba ni mtoto wa kulea, tangu lini? Mpaka nazima taa sikuwa nimecheka hata mara moja, na hizi ni hadithi zilizonichekesha kwa miaka mingi. Asubuhi nikampigia rafiki yangu, ambaye hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa Armistead Maupin, nikammwagia yote. Akaniacha nimalize.

"Shoga," akasema, "ulikuwa unatazama au unakagua?"

Ninayoyaandika hapa ni njia niliyoipata baada ya kulifunga lile daftari. Ni ya mtu aliyezipenda riwaya hizi na bado hajaitazama tamthilia mpya, au ameitazama na hasira haijamtoka.

Kwanza ujue ulipenda ipi

Mashabiki husema "ile ya zamani" kana kwamba ni moja. Kuna waliozisoma kama mkasa wa kila siku kwenye gazeti la San Francisco Chronicle, kuanzia 1976, wakingoja kesho yake kujua nani kalala kwa nani. Kuna waliozipata kama kitabu, kuanzia 1978. Na kuna kundi kubwa ambalo halikuwahi kufungua kitabu: wao waliipenda tamthilia ya 1993, ya sehemu sita, iliyotengenezwa kwa ajili ya Channel 4 ya Uingereza na kuonyeshwa Marekani na PBS, televisheni ya umma, Januari 1994.

Hawa wa mwisho wana kidonda chao, na ukibishana nao bila kukijua utadhani ni wakorofi. Ile tamthilia ilipata watazamaji wengi sana, lakini wanaume kubusiana na mama mwenye nyumba kulima bangi kuliwachefua wanasiasa wa kihafidhina, na PBS wakajitoa kwenye kugharamia mwendelezo. Ilibidi kungoja mpaka 1998, kituo cha Showtime kilipoubeba, na safari hiyo San Francisco ikapigwa picha Montreal. Kwa hiyo mtu aliyeipenda ya 1993 alishanyang'anywa mara moja. Ukimwambia "imerudi, furahi," anakuangalia tu.

Mimi ni wa vitabu. Nilipolikubali hilo, nusu ya ugomvi wangu na watu uliisha, kwa sababu tulikuwa tunagombea nyumba mbili tofauti zenye anwani moja, 28 Barbary Lane.

Piga hesabu mara moja, kisha uiache

Hili lifanye kabla ya kuwasha televisheni, wala usilirudie. Mary Ann Singleton alikuwa na miaka 25 alipofika San Francisco kutoka Cleveland. Alikuja kwa mapumziko ya siku nane, akampigia mama yake simu kwamba harudi. Ukihesabu kutoka 1976, mwaka 2019 anatakiwa awe na 68. Laura Linney, aliyemwigiza tangu 1993, alikuwa na 55. Bi Anna Madrigal, yule mama mwenye nyumba, kwenye riwaya ya 2014, ameshafika 92; miaka mitano baadaye, kwenye televisheni, watu wanakusanyika kusherehekea miaka yake 90. Olympia Dukakis, anayemwigiza, mwenyewe alikuwa na 87.

Unaona? Saa nzima imesogezwa, na imesogezwa kwa wote. Nilichukua karatasi nikaandika MIAKA IMEHAMA, nikaibandika kwa selotepu pembeni ya televisheni. (Bi Madrigal humbandikia mpangaji mpya msokoto wa bangi mlangoni kumkaribisha. Kila mtu na anachobandika.) Kisha nikarudi kwenye daftari: katika makosa yangu 11, saba yalikuwa kosa hilohilo limevaa nguo tofauti. Kwa nini Brian, aliyekuwa mume wa Mary Ann, si mzee zaidi, kwa nini Shawna, binti waliyemlea, bado yuko kwenye miaka ya ishirini, kwa nini Michael ana umri wa kumwezesha kukimbia kupanda ngazi. Yakafutika kwa mstari mmoja.

La Shawna na kulelewa sikulifuta. Hapo tamthilia imejitengenezea siri ambayo vitabu havikuihitaji, na sehemu kadhaa zinatumika kuibeba. Nikilalamikia jambo moja, nalalamikia hilo.

Usizisome upya wiki ile

Mimi nilizisoma, zote tisa zilizokuwepo wakati huo, kwa sababu nilidhani ni heshima. Matokeo yake kila mhusika akifungua mdomo nilikuwa tayari na maneno yake kichwani. Soma moja tu, na isiwe ya kwanza. Ningekwambia Michael Tolliver Lives, ya 2007. Wasomaji walikuwa wamemwacha Michael mwaka 1989 akiwa na virusi vya UKIMWI, wakati ambapo hilo lilimaanisha kuanza kuaga. Kwa miaka 18 watu walijua, au walidhani wanajua, kwamba mwandishi atakuwa amemzika kimyakimya. Ndipo kikatoka kitabu ambacho jina lake ndilo habari yenyewe: yu hai.

Ukiingia kwenye tamthilia ukitokea hapo, Murray Bartlett hatakusumbua. Huyo ni Michael wa tatu, baada ya Marcus D'Amico na Paul Hopkins, na hata mimi siku ya kwanza nilimtafuta D'Amico usoni mwake nikamkosa. Lakini Bartlett ana namna ya kushika begani mtu anayezungumza naye, kama anayehakikisha mtu huyo bado yupo. Mtu aliyesalimika wakati wenzake hawakusalimika angeshika hivyo.

Sehemu ya nne itazame mara mbili

Hapa ndipo mashabiki waliposhikana mashati, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Michael anampeleka mpenzi wake Ben kwenye chakula cha jioni kwa marafiki wa zamani. Ben ana miaka 28, ni mweusi. Mezani ni wanaume wa makamo na wazee, mashoga, weupe, wenye fedha zao, mvinyo unapita. Katikati ya porojo mmoja wao anatumia neno la kudhalilisha wanawake waliobadili jinsia. Ben, kwa adabu kabisa, anasema neno hilo halitumiki tena. Meza inapoa. Mmoja anamgeukia, na kinachomtoka ni miaka ya mazishi: kwamba raha anayoila Ben leo ililipiwa na watu waliokufa, na waliobaki mezani wana haki ya kuzungumza wanavyotaka. Ben naye anawaonyesha jinsi walivyokaa vizuri mjini hapo kuliko wengi. Michael hamtetei.

Mara ya kwanza msikilize yule mzee. Kumbuka ripoti za mwanzo za ugonjwa zilitoka Juni 1981 na dawa mseto zilizowarudisha watu kutoka kaburini zilikuja 1996. Kati ya hapo ni miaka 15 ya kupunguza namba kwenye daftari la simu. Hajui kusema "nina huzuni", anajua kusema "nyamaza, mtoto".

Mara ya pili usimwangalie anayezungumza. Mwangalie Ben tu. Charlie Barnett, anayemwigiza, hafanyi mengi: anatafuta macho ya Michael, hayapati, anaweka uma chini. Safari hii unaona ni nani hasa aliye peke yake kwenye meza iliyojaa watu wanaodai kuujua upweke.

Rafiki yangu na mimi tuligombana juu ya tukio hili kwa saa nzima. Mimi nilikuwa upande wa wazee, kwa sababu nilikuwa nao tangu vitabuni. Babycakes ya 1984 ilikuwa miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa kumtaja mtu aliyekufa kwa UKIMWI, na mtu huyo nilimpenda. Yeye alikuwa upande wa Ben. Ndipo akaniuliza mbona yeye huniita shoga kila siku nami nafurahi.

"Kwa sababu ni wewe," nikajibu.

"Na akiitwa hivyo mwanamume barabarani, na mtu asiyemjua?"

Sikuwa na la kusema. Neno letu hili moja ni kumbatio likitoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamke mwenzake, na ni jiwe likirushwa kwa mwanamume. Wazee wa pale mezani walikuwa wanaliona kumbatio. Ben aliliona jiwe, na waliolengwa hawakuwepo mezani kujisemea. Sikuhamia upande wake moja kwa moja, ila tangu siku hiyo nikibishana na mtu juu ya sehemu ya nne humwuliza kwanza: uliitazama mara ngapi?

Ya nane usiiruke

Sehemu ya nane inaacha karibu kila mtu na kurudi 1966, Anna akiwa ndiyo kwanza amefika mjini, kitongoji cha Tenderloin. Agosti mwaka huo, katika mgahawa wa Compton's, wanawake waliobadili jinsia na vijana wa mtaani waliochoka kubughudhiwa na polisi walipigana nao, miaka mitatu kabla ya ghasia maarufu za baa ya Stonewall, New York. Tukio ni la kweli, na wengi walilisikia kwa mara ya kwanza hapa. Anna kijana anaigizwa na Jen Richards, ambaye mwenyewe ni mwanamke aliyebadili jinsia. Mwaka 1993 hakuna aliyeona ajabu kumpa nafasi hiyo Dukakis, ambaye hakubadili jinsia. 2019 watu waliuliza, na jibu la watengenezaji likawa Richards. Nimewasikia mashabiki wagumu, wa kundi la "ile ya zamani", wakikiri kwamba sehemu hii ingetosha peke yake. Nakubaliana nao. Ukiwa na usiku mmoja tu, tazama hii.

Kumsimulia asiyejua

Kama hujafika riwaya ya pili, ruka kichwa hiki chote. Tamthilia mpya haifichi kitu, lakini vitabu vinaficha, na sipendi kumwaga mtama penye kuku wengi.

Katika vitabu, kwamba Bi Madrigal aliwahi kuishi kama mwanamume ni siri inayotoka polepole. Hata jina lake ni fumbo: zivuruge herufi zake na kwa Kiingereza unapata "mwanamume na msichana". Anayesimulia kwa Kiingereza lazima akanyage kwa uangalifu, maana lugha ile inamtaka aseme ni mwanamume au mwanamke kila anapofungua mdomo. Sisi tuna "a-". Aliondoka, akabadilika, akanunua nyumba, akapangisha. Nilimsimulia rafiki yangu vitabu viwili vya kwanza kwa simu, jioni kadhaa, nikimwambia juu ya mzazi aliyemwacha Mona, mmoja wa wapangaji, angali mdogo, na kando yake juu ya mama mwenye nyumba anayempenda Mona kuliko kawaida ya mwenye nyumba. Sikudanganya hata sentensi moja. Tulipofika penyewe alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Ngoja. Ni huyohuyo?"

Kwa hiyo ukiwa na mtu wa kumsimulia, msimulie kwa Kiswahili.

Ukilalamika, taja kitu

"Wameiharibu" si malalamiko. Sema ni wapi. Mimi nasema wale mapacha wanaotafuta umaarufu wa Instagram wanachukua dakika nyingi ambazo ningempa Jake na Margot, ambao penzi lao lilianza wote wakiwa wanawake, na sasa Jake ni mwanamume na Margot hajui yeye mwenyewe amekuwa nani. Nasema pia kwamba kicheko kimepungua. Maupin aliandika vipande vifupi vya gazeti, kila kimoja kina kamba ya kukuvuta kesho, na sadfa zake hazina aibu: kila mtu mjini ana uhusiano na kila mtu. Tamthilia mpya inazionea haya sadfa hizo, na inapumua kwa uzito. Hayo unaweza kubishana nayo. "Wameiharibu" huwezi.

Daftari langu likabaki na makosa manne. Sijui lilipo sasa.

Mei 1, 2021, Olympia Dukakis alifariki, akiwa na miaka 89. Habari sikuiona kwenye taarifa. Niliipata kwa ujumbe wa sauti. "Shoga, mama mwenye nyumba ametutoka." Halafu, baada ya kimya kidogo, akauliza aanze na kitabu kipi. Nikamwambia cha kwanza, na asikifungue usiku kama kesho yake ana kazi, kwa sababu sura ni fupi mno na unajidanganya kwamba unasoma moja tu ya mwisho.

Saa nane usiku simu yangu ikaita.

"Huyu Beauchamp," akasema, bila salamu, "mkewe anajua?"