Kabla hujajitengenezea gunia la seremala

Gunia, kile kifaa cha mikono miwili cha kupimia kona ya mraba, la kiwandani likikushinda bei, jitengenezee. Kipande cha mbao, gundi, skrubu na subira vinatosha. Ila kuna mambo uyaweke sawa kabla hujashika msumeno.

Penseli yako iwe imechongwa kali. Futi ya kuvuta uwe nayo moja tu kwa kazi nzima, na kile kichuma cha mbele kinachochezacheza usikigonge kikaze: kinacheza kwa makusudi, kufidia unene wake, ukivuta au ukisukuma.

Mbao iwe kavu. Hapa nakusihi unisikilize.

Nilipoanza kujitegemea, ilikuwa masika, nilichana kipande cha paini kutoka mzigo ulioshushwa jana yake, nikaunda gunia lenye mkono wa sentimita 40. Nikalipima, likakaa sawa kabisa. Wiki tatu baadaye nikalitumia kukatia fremu za milango 6 ya kabati la jikoni la mteja. Sikulipima tena. Kila mlango niliofunga ulining'inia kona moja. Nikalegeza bawaba, nikapiga randa, nikaweka vipande vya mbao chini ya kabati nikidhani sakafu imeinama. Jioni ndipo nilipolichukua gunia lenyewe, nikaliegemeza kwenye ukingo wa plaiwudi ulionyooka, nikachora mstari, nikaligeuza upande wa pili na kuchora tena kuanzia nukta ileile. Kwenye ncha mistari iliachana milimita 6. Kugeuza huongeza kosa mara mbili, kwa hiyo gunia lilikuwa limepotoka milimita 3. Mbao ilikuwa imekauka ikajipinda ikiwa ukutani. Mninga wa fremu mpya niliununua kwa pesa yangu, na mteja yule hakurudi tena.

Basi: mbao kavu, nyuzi zimenyooka, isiyo na jicho, yaani fundo la tawi. Mbao ikikauka hunywea kwenye upana, urefu wake karibu haubadiliki. Ndiyo maana fimbo ya vipimo, ule ufito unaotiwa alama zote za kabati, unaaminika zaidi.

Kuunga, tumia gundi na skrubu 2 au zaidi. Msumari mmoja ni egemeo, mkono utazunguka. Kabla gundi haijashika, pima kutoka kona sentimita 30 upande huu, 40 upande ule. Kutoka alama hadi alama isome 50 kamili. Chonga pengo dogo kwenye kona ya ndani, vumbi la mbao lipate pa kwenda, lisisukume gunia.

Likishakamilika, lijaribu kwa kuligeuza kila asubuhi ya kazi, na kila linapoanguka. Litundike mbali na jua na mbali na ukuta unaovuja. Usimwazime mtu. Usilitumie kugongea, wala kukorogea rangi, na fremu ikishakamatana, bado pima kona kwa kona pande zote mbili kabla hujaweka gundi.