Kurudisha mshiko wa nyuma kwenye Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza

MX-5 yangu ni ya 1991, na kwa muda mrefu nyuma yake iliteleza kama imepakwa sabuni. Kona ikiwa na maji, ukigusa mafuta kidogo tu, mkia unataka kukutangulia. Nikakimbilia kununua stabilaiza nene ya nyuma, yaani ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Hali ikazidi kuwa mbaya! Stabilaiza ngumu hupunguza kulala kwa bodi, sawa, lakini kwenye kona hulibebesha mzigo gurudumu la nje na kulipunguzia la ndani, na jumla ya mshiko wa nyuma inashuka. Ni dawa ya gari ambalo mbele yake inagoma kukata kona. Nikaifungua, nikarudisha ya kiwandani, nikaanza upya na tairi.

Usitazame meno peke yake. Kwenye ubavu wa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zangu zilikuwa na meno mazuri tu, ila ukibonyeza ukucha hauzami hata kidogo. Gari la kutoka wikendi huzeesha tairi kabla hazijawa kipara. Upepo nao: kwa tairi za saizi ya kiwandani, inchi 14, ni psi 26 zikiwa baridi. Wajazaji wengi wanakuwekea 32 kwa mazoea.

Shokapu ikivuja mafuta, badilisha zote mbili za nyuma. Ile ya kubonyeza kona ya gari uone linavyorudi inakamata iliyokufa kabisa. Iliyochoka inafaulu mtihani huo vizuri sana.

Sasa bushi, zile raba zenye bomba la chuma kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu, na hapa ndipo kazi ilipo. Raba ikishalegea, gurudumu la nyuma linajigeuza lenyewe kidogo kila unapokanyaga na kuachia mafuta, na wewe unadhani ni dereva mbovu. Adui wako ni ile bolti ndefu inayounganisha mkono wa chini na kibebeo cha gurudumu. Kutu huigandisha ndani ya bomba la bushi. Ipulizie mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa kabla, asubuhi na jioni, kisha ujaribu kuizungusha kwanza, huku na huku. Ukianza na nyundo utavimbisha ncha na haitatoka tena. Kabla ya kugusa bolti za ndani zenye washa za kurekebishia mwelekeo wa gurudumu, chora alama kwa rangi zilipokaa.

Mara ya kwanza nilikaza kila kitu gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia. Bushi za raba za gari hili hazizunguki; raba imeshikana na bomba la ndani, kwa hiyo hujipinda. Ukizikaza zikiwa zimening'inia, gari likishuka zinabaki zimejisokota muda wote. Zangu zilichanika ndani ya miezi michache, mpya kabisa. Kwa hiyo: funga nati kwa mkono, weka magurudumu juu ya magogo imara ya mbao ili upate nafasi ya kuingia chini, zuia ya mbele yasibingirike, tikisa gari mara chache likae, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo.

Kisha alaimenti ya magurudumu yote manne. Fundi mmoja aliniambia nyuma hakuna cha kurekebisha. Kipo, bolti mbili za washa kila upande. Mimi nataka tairi za nyuma zielekee ndani kidogo kwa mbele, jumla milimita 2 hadi 3, na vichwa vyake vilale ndani kama digrii moja na nusu. Zikielekea nje hata kidogo, mkia unakuwa na akili zake. Weka mzigo wa uzito wako kwenye kiti cha dereva wakati wa kupima, maana gari ni jepesi na wewe unahesabika.

Baada ya kilomita mia chache, kagua nati zote, hasa za washa. Yangu moja ilikuwa imesogea nje ya alama ya rangi kwa upana wa kijiti cha kiberiti, na niliisikia kwenye usukani kabla sijaiona.