Kuhamisha kiota cha kasa kabla maji hayajakifikia

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa na vijana wa doria wa kijiji kimoja cha pwani ya kusini mwa Tanzania. Waliniuliza swali ninaloulizwa kila msimu: "Tumekuta kiota chini ya mstari wa bamvua, tufanyeje?" (Bamvua ni maji makubwa yanayojaa wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu.) Jibu langu la kwanza ni kukiacha. Kama hakiachiki, basi fuata hatua hizi, na uzifuate kwa haraka, kwa sababu ukichelewa utayaua mayai kwa mikono yako mwenyewe.

Nachukulia kwamba mna kibali. Kasa wote wanalindwa na sheria, Tanzania na Kenya, na kushika mayai yao bila ruhusa ni kosa hata kama nia yako ni njema. Anzia kwa BMU ya kijiji (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia ufukwe na uvuvi) na afisa uvuvi, au hifadhi ya bahari kama mko ndani ya mipaka yake.

Hatua ya 1: Hakikisha kinahitaji kuhamishwa

Tafuta mstari wa mwani na vijiti ulioachwa na bamvua la mwisho. Kiota kilicho juu yake, usikiguse. Kilicho chini yake kidogo, fikiri mara mbili. Mayai ya kasa huvumilia kufikiwa na maji mara moja na maji yakaondoka. Kinachoyaua ni maji yanayotuama, na mmomonyoko unaobeba mchanga wote. Chimba shimo dogo hatua mbili kutoka kwenye kiota, kina cha sentimita 80. Ukikuta maji, kihamishe. Ukikuta mchanga wenye unyevu tu, na ufukwe haumomonyoki, acha.

Angalia pia mwezi wa mwaka. Mabamvua ya Machi na Septemba ndiyo makubwa kuliko yote, kwa hiyo kiota kilichotagwa kabla ya hapo kinaweza kufikiwa na maji ambayo hujayaona bado. Waulize wavuvi wazee maji hufika wapi miezi hiyo. Ninawaamini kuliko kifaa chochote cha kupimia.

Mbwa, nguchiro na kenge si sababu ya kuhamisha kiota. Hao unawazuia kwa wavu pale pale kiota kilipo.

Hatua ya 2: Kadiria saa aliyotaga

Kijusi ndani ya yai husimama kukua wakati yai likiwa bado tumboni mwa kasa. Likishatagwa kinaanza tena, na baada ya saa chache kinajishikiza juu, kwenye ukuta wa ndani wa ganda. Kuanzia hapo, kuligeuza yai au kulitikisa ni kukichana. Mimi nataka mayai yawe yameshafukiwa upya ndani ya saa mbili. Saa sita ndiyo mwisho kabisa.

Kama hukumwona akitaga, soma mburuzo wake, yaani alama alizoacha mchangani, ukiwa na jedwali la maji. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri. Ukikuta mburuzo wa kupanda na wa kushuka yote inaendelea chini ya alama ya maji ya usiku huo, kasa alikuja baada ya maji kuanza kupwa: ukifika saa kumi na mbili, mayai hayazidi saa mbili. Ukikuta yote imekatwa na maji, alipanda na kuondoka kabla hayajajaa, na huenda mayai yana saa tano au zaidi. Siku za maji mafu, yaani maji madogo ya kati ya bamvua na bamvua, saa za kujaa ni nyingine, kwa hiyo usikariri saa kumi. Soma jedwali.

Muda ukiwa umepita, ushauri wangu ni kuacha. Ila kama bahari itakichukua kiota siku hiyo hiyo na hakuna njia nyingine, weka alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kulinyanyua, ulinyanyue na kulilaza alama ikiwa juu muda wote. Utapoteza mengi hata hivyo.

Hatua ya 3: Tafuta mayai yalipo

Hapa ndipo muda wote huliwa. Kuna usiku tulihangaika na kiota kimoja mpaka kukapambazuka, watu wanne wenye uzoefu, na mayai yalikuwa chini ya mchanga ambao kila mmoja wetu alikuwa ameukanyaga.

Njia rahisi ni kumkuta anataga. Kaa nyuma yake, mbali, bila tochi, mpaka mchanga uache kurushwa na mapezi ya nyuma yaanze kutikisika taratibu. Hapo ameanza kutaga na hashtuki kirahisi. Sogea kwa tumbo kutoka nyuma, tumbukiza ncha ya kamba ya mkonge ndani ya shimo la mayai, na ncha nyingine uifunge kwenye kijiti kirefu mita mbili pembeni. Atafukia, ataondoka, nawe utaifuata kamba kwa vidole mpaka kwenye yai la juu. Tochi iwe nyekundu, na kwa muda mfupi tu. Nyeupe inaweza kumrudisha baharini kabla hajataga.

Kama alishaondoka, kazi ni hii. Kwanza tambua mburuzo upi ni wa kupanda. Kila pezi linapovuta, linasukuma mchanga nyuma, kwa hiyo vichuguu vidogo vya mchanga vya mburuzo wa kupanda vimeelekea baharini. Panapokutana miburuzo miwili, uliolala juu ndio wa kuondoka. Kisha tambua ni nani. Kasa wa kijani huvuta mapezi mawili kwa pamoja na kuacha alama zinazolingana kushoto na kulia, upana wa karibu mita moja. Mburuzo wa ng'amba, aina nyingine ya kasa, ni mwembamba zaidi, naye huvuta moja moja, alama zinapishana. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu sakafu ya kiota cha kasa wa kijani iko kwenye sentimita 70 hadi 80, ya ng'amba kama 45 hadi 50, na ng'amba hupenda kuingia ndani kwenye mlakasa (mmea unaotambaa ufukweni) na vichaka ambako huoni chochote.

Sasa jambo linalowapoteza wengi: shimo kubwa unaloliona juu halina mayai. Kasa akishataga hufukia kwa mapezi ya nyuma, kisha hurusha mchanga nyuma kwa mapezi ya mbele huku akisogea mbele kidogo kidogo. Anapoondoka, shimo la mwisho liko mbele ya mayai kwa mita moja, pengine mbili. Simama ndani ya shimo hilo, tazama upande aliotoka wakati anapanda, na anza kutafuta kwenye tuta la mchanga lililo nyuma ya shimo.

Ondoa mchanga mkavu wa juu kwa viganja, tabaka kwa tabaka, kwenye eneo lote la tuta. Usichimbe mashimo hapa na pale. Ukifika kwenye mchanga wenye unyevu, bonyeza kwa ncha za vidole kila sentimita kumi. Mchanga ambao haujaguswa ni mgumu, unakataa. Mdomo wa kiota ni laini, kidole kinazama ghafla. Angalia pia mizizi ya mlakasa iliyokatwa upya, na mchanga wa rangi ya chini uliochanganyika na wa juu. Ukipapata, shuka kwa mkono taratibu mpaka uguse yai.

Fito na vyuma vya kuchomea mchanga sitaki kuviona. Najua kuna watu waliofundishwa hivyo na wanafanikiwa. Lakini yai moja likitobolewa, harufu inaleta siafu na kaa, na hao hawaishii kwenye yai moja. Majembe pia hapana.

Mkitafuta kwa saa nzima bila kupata, fikirieni kwamba huenda hakutaga. Kasa wengi hupanda, huchimba, hukutana na mzizi au mwanga, na hurudi baharini. Kama muda wa saa sita unakaribia kwisha, funikeni na mwondoke.

Hatua ya 4: Chimba kiota kipya kwanza

Kabla ya kunyanyua yai hata moja. Pima kina cha kiota cha zamani, kuanzia juu mpaka yai la kwanza, na ukimaliza kutoa mayai, pima mpaka sakafuni ili urekebishe kina cha kipya. Kipya kiwe na vipimo hivyo hivyo na umbo lile lile, kama mtungi: shingo sentimita 20, chini pana kidogo. Ondoa mchanga mkavu eneo pana kwanza usimwagikie ndani.

Kiwe ufukwe ule ule, juu ya bamvua, mbali na mizizi ya mivinje na taa za hoteli. Kipate jua kama kile cha zamani. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: karibu nyuzijoto 29 hutoka mchanganyiko, juu ya hapo majike huzidi, na likipita 33 kwa muda mrefu vifaranga huanza kufa. Ukihamishia vyote kivulini au vyote juani unabadilisha kizazi kizima.

Hatua ya 5: Hamisha

Mikono safi, bila mafuta ya mbu. Ndoo ngumu yenye mchanga wa unyevu wa kiota hicho hicho chini, si mfuko wa plastiki. Yai moja moja, bila kuligeuza, huku ukihesabu. Kasa hutaga mara nyingi zaidi ya mayai 100, kwa hiyo andaa ndoo mbili na usijaze. Beba kwa miguu. Bodaboda inatikisa, hata kama ni mwendo wa dakika tano.

Rudishia mchanga wenye unyevu kwanza, mkavu juu, ukishindilia kwa kiganja tu.

Hatua ya 6: Linda

Wavu wa matundu ya sentimita 10, ulale bapa chini ya mchanga kidogo, ncha zimefungwa kwenye vigingi. Wavu wa kuku usitumie, kifaranga anakwama. Lakini ulinzi mkubwa ni majirani. Waambie kiota kiko wapi, na waambie pia kuhusu Kisiwa cha Panza, Pemba, ambako Machi 2024 watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Hatua ya 7: Hesabu

Mayai huanguliwa kati ya siku 50 na 60. Vifaranga watembee wenyewe mpaka majini, msiwabebe. Siku tatu baada ya wa kwanza kutoka, fukueni mhesabu maganda, mayai yaliyooza na waliofia ndani. Andikeni kwenye daftari kwa penseli, maana simu hulowa. Fanyeni hivyo hivyo kwa viota ambavyo hamkuvihamisha. Kama vilivyohamishwa vinaangua pungufu sana kuliko vilivyoachwa, acheni kuhamisha mpaka mjue ni hatua ipi inayoua mayai, na mwanze kuchunguza saa mlizokadiria kwenye hatua ya 2.