Kupima uso wa Fermi kwa laptopu: fuwele ya BEDT-TTF chini ya shinikizo

Sumaku za tesla 30 (tesla ni kizio cha nguvu ya uga sumaku) na zaidi ziko Grenoble, Nijmegen, Tallahassee; Nairobi hatuna. Lakini kipimo kikishafanyika, kinachobaki ni faili yenye safu chache za tarakimu, na hiyo unaweza kuichambua ukiwa kampasi ya Chiromo au sebuleni kwako Umoja, kwa laptopu ya kawaida yenye Python. Hakikisha tu betri imejaa, maana stima haibishi hodi ikiondoka.

Mfano wetu ni κ-(BEDT-TTF)2Cu(NCS)2. Ni fuwele ya molekuli za kaboni na salfa, lakini inapitisha umeme kama metali, na ikipozwa hadi kelvini 10 hivi inageuka kuwa supakondakta, yaani inapitisha umeme bila ukinzani wowote. Ukiweka uga sumaku mkali, ukinzani wake hupanda na kushuka kama mawimbi. Ndani ya mawimbi hayo mna ukubwa wa uso wa Fermi (mpaka kati ya hali za mwendo zilizojaa elektroni na zilizo tupu) na masi ya elektroni.

Hatua ya 1: Hakikisha shinikizo ni la wakati wa baridi

Wengi hukimbilia grafu. Subiri. Fuwele hubanwa ndani ya chemba, chombo kidogo cha metali. Chemba ikijazwa mafuta ya Daphne 7373 na kukazwa kwenye joto la kawaida, shinikizo hupungua kwa takriban gigapaskali 0.15 chemba inapopozwa. Kwa metali ya kawaida ungelipuuza hilo. Kwa fuwele hii, halijoto ya usupakondakta hushuka kwa karibu kelvini 3 kwa kila gigapaskali 0.1, na kufikia gigapaskali 0.5 hivi usupakondakta umekwisha kabisa. Ukiandika shinikizo la mezani, lililosomwa kabla ya kupoza, grafu yako yote imehama. Muulize aliyepima: namba hii ilisomwa kukiwa baridi au kabla?

Hatua ya 2: Linganisha uga ukipanda na uga ukishuka

Chora mikondo yote miwili pamoja. Ikiwa mawimbi ya kupanda yana kimo kidogo kuliko ya kushuka, au kinyume chake, shuku joto: chemba ni ya metali, na uga ukibadilika haraka, metali hupata mikondo ya umeme inayoipasha moto. Data ya namna hiyo usiitumie kutafuta masi, hata ikiwa inapendeza macho.

Hatua ya 3: Ondoa mteremko, kisha geuza mhimili

Toa mteremko wa jumla kwa polinomia ya daraja la 2 au la 3. Ukipanda hadi la 9, polinomia itaanza kumeza mawimbi yenyewe.

Sasa badala ya B (uga) tumia 1/B, na utaona mawimbi yakipangika kwa nafasi sawa. Panga upya data iwe na nafasi sawa katika 1/B kabla ya kufanya hesabu ya Fourier, inayoonyesha mawimbi yanajirudia kwa kasi gani. Hatua hii husahauliwa sana. Kilele cha Fourier kinapaswa kuonekana kwenye marudio, F, ya karibu tesla 600 kwenye shinikizo la kawaida. Uga ukitoka tesla 10 hadi 15 utahesabu mawimbi 20, na upana wa kilele utakuwa kama tesla 30. Kwa hiyo badiliko dogo la shinikizo halitaonekana kwa Fourier pekee. Andika namba ya kila kilele cha wimbi, chora namba hizo na 1/B, kisha usome mwinamo wa mstari, ambao ndio F.

Kabla hujalisifu shinikizo kwa badiliko ulilopata, kumbuka fuwele inaweza kuinama ndani ya chemba bila mtu kuiona. Ikiinama nyuzi 10, tesla 600 husomeka 609.

Hatua ya 4: Masi

Pima kimo cha mawimbi katika halijoto mbalimbali, dirisha la uga likiwa lilelile, kisha linganisha na X/sinh X, ambapo X = 14.69 × m × T / B; m ni masi, T ni halijoto kwa kelvini, B ni uga kwa tesla. Kwa dirisha la tesla 10 hadi 15, B ya kutumia ni 12, si 12.5, kwa sababu wastani unachukuliwa katika 1/B.

Kwa masi ya 3.5, yaani mara tatu na nusu ya elektroni huru, kimo cha kelvini 1 ni chini ya robo ya kile cha kelvini 0.5. Kipimajoto kikikosea kidogo, masi nayo inakosea. Shinikizo likiongezeka, tarajia masi ishuke haraka hadi pale usupakondakta unapotoweka, kisha ishuke polepole.

Hatua ya 5: Eneo

Ili kupata eneo la mkato wa uso wa Fermi, zidisha F kwa 9.55 × 10^15. Tesla 600 inakupa 5.7 × 10^18 kwa kila mita mraba, kama asilimia 16 ya zoni ya Brillouin (eneo la msingi linalojirudia katika ramani ya mawimbi ya elektroni ndani ya fuwele). Asilimia hiyo ni ya shinikizo la kawaida, ambapo pande za fuwele ni angstromu 8.44 na 13.12. Fuwele ikibanwa, pande hufupika na zoni hupanuka, kwa hiyo gawanya kwa zoni ya shinikizo hilohilo ulilopimia.