Kabla mtoto hajawekewa taa ya bluu, na kabla wewe hujaanza kutibiwa ngozi kwa mwanga

Mwanangu wa kwanza aliwekewa taa ya bluu ya kutibu umanjano akiwa na siku tatu tu, na mimi sikujua chochote, nilikaa pembeni ya kile kitanda nalia nikidhani wanamuunguza. Nesi wa zamu ya usiku akaja akanielewesha kama dakika kumi hivi nikatulia. Aliyoniambia usiku ule ndiyo nataka mzazi mwingine ayajue mapema kabla hajachanganyikiwa: mwanga ni dawa, una dozi na una masharti yake kama dawa ya kumeza.

Kwanza elewa kinachotibiwa. Umanjano wa mtoto mchanga siyo ile homa ya manjano inayoletwa na mbu, ni bilirubini tu, ile rangi ya manjano, imejaa kwenye damu, inatokana na chembe nyekundu zinazovunjika na ini la mtoto bado changa haliwezi kuitoa haraka. Mwanga wa bluu, ule wenye urefu wa wimbi wa nanomita kama 460 mpaka 490, ukigusa ngozi unaibadilisha umbo bilirubini ili itoke kwa nyongo na mkojo bila kusubiri ini. Haina miale ya UV, ile ya jua inayounguza ngozi, hiyo taa, kwahiyo ile hofu ya kuungua iache.

Ila inafanya kazi pale inapogusa tu. Mwaka 1956 katika hospitali ya Rochford kule Uingereza nesi mmoja, Jean Ward, alikuwa anapenda kuwatoa watoto nje wapate jua, siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi imefifia umanjano isipokuwa kipande cha pembetatu, ambapo kona ya shuka ilikuwa imemfunika. Hapo ndipo mambo yote yalianzia, 1958 Dr. Cremer na wenzake wakachapisha habari za taa waliyoitengeneza. Kwahiyo ukiambiwa mvue mtoto abaki na nepi peke yake mvue kweli, usimwekee kofia na soksi kwa huruma, na usimpake mafuta mpaka uulize. Joto lake manesi watakuwa wanalipima.

Macho yafunikwe muda wote akiwa chini ya taa. Na hapa ndo uwe macho wewe, maana kile kitambaa kinateleza, wangu alikuwa anageuza kichwa kidogo tu kinashuka mpaka puani, nikawa nakirudisha kila mara. Ukimtoa kunyonyesha mfungue macho akuone, halafu angalia kama yana uchafu au yamevimba.

Kunyonyesha usilegeze hata kidogo, mara 8 mpaka 12 kwa siku, hata kama amelala muamshe, kwasababu bilirubini inatoka na choo na mkojo na asiponyonya haitoki. Choo kikiwa laini cha kijani usishtuke. Beba nepi nyingi kuliko unavyofikiria na hesabu zilizolowa, watakuuliza. Muulize pia daktari unaruhusiwa kumtoa kwa muda gani, kuna watoto wanapewa kama nusu saa ya kunyonya na kuna ambao kiwango kiko juu sana hawatakiwi kutolewa kabisa.

Halafu usimpime kwa macho. Akishakaa kwenye taa ngozi inafifia umanjano wakati bilirubini damuni bado iko juu, kipimo cha damu ndo kinasema ukweli, na taa ikizimwa inaweza kupanda tena kwahiyo usiondoke bila kujua lini anarudi kupimwa. Nyumbani mwangalie kwenye weupe wa macho na kwenye fizi, hasa mtoto mwenye ngozi nyeusi. Umanjano ukitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto analala mno hataki kunyonya, analia kwa sauti kali huku anajikunja kwa nyuma, au choo ni cheupe, nenda saa hiyo hiyo. Usikae unamwanika juani siku tatu unangoja umanjano ufutike. Jua halina dozi, linamuunguza na kumkausha maji, na bilirubini ikizidi sana inaharibu ubongo na hapo hakuna kurudi nyuma.

Mwanga wa ngozi ni mwingine kabisa, watu wanachanganya. Ule ni UVB, aina moja ya miale ya UV, ya nanomita 311 hivi, unatumika kwa soriasisi (ngozi yenye magamba), vitiligo (mabaka meupe) na pumu ya ngozi, na huo unaunguza kweli ukizidi. Jipange na muda kwanza, ni mara mbili au tatu kwa wiki, vitiligo inachukua miezi mingi. Taja dawa zote unazotumia hata za mitishamba, antibiotiki ya doksisaiklini na baadhi ya dawa za presha zinafanya ngozi ichomeke haraka, na kama una lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe) au umewahi kuwa na saratani ya ngozi sema kabla hata hujavua shati. Usipake losheni nzito wala manukato siku hiyo. Miwani lazima, wanaume wafunike sehemu za siri.

Na ukikosa vipindi sema. Mdogo wangu alikosa wiki mbili akaona aibu akanyamaza, akapewa dozi ile ile aliyoachia, usiku mikono ikawa myekundu na inawaka hata shuka hakutaka imguse. Wangejua wangeishusha dozi. Tangu hapo ana daftari dogo, anaandika tarehe, kipindi cha ngapi, na ngozi ilikuwaje kesho yake asubuhi, akifika anampa nesi asome kabla ya kuingia kwenye mashine.