Moto wa jiko banifu la kuni: acha hewa ipite chini ya kuni

Jiko banifu likitoa moshi mwingi, kabla ya kulilaumu tazama mdomo wake. Mara nyingi umejazwa kuni hadi juu, hewa haina pa kupita. Weka kipande cha bati au wavu wa chuma ndani ya mdomo, kuni zilale juu yake, na chini yake ibaki nafasi ya karibu theluthi moja ya urefu wa mdomo. Hewa ikiingia kwa chini hufika kwenye ncha zinazowaka ikiwa imeshapata joto, na ule moshi unaungua badala ya kukujaa machoni.

Kuni ziwe zimepasuliwa, unene wa vidole viwili hivi, tatu au nne kwa wakati mmoja. Ncha tu ndizo ziwake. Zisukume kidogo kidogo kadiri zinavyoisha. Ukitaka moto mdogo wa kuivishia maharage, vuta kuni moja au mbili nje uzizime kwa mchanga. Usizibe mdomo! Hewa ikikatika kuni hazipoi, zinafuka tu, na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi inaongezeka jikoni.

Jivu nalo lizolewe kila siku kabla ya kuwasha, maana likirundikana linaziba ile njia ya chini. Na sufuria isikae bapa juu ya jiko: iinuliwe na vishikio vya juu ya jiko, sentimita moja hadi moja na nusu, la sivyo moto utarudi mdomoni.