Jinsi ya kukagua kisu cha mhunzi kabla hujatoa hela

Hii ni kwa wale mnaonunua visu na sime za kufua kwa mkono, zile hazina jina wala muhuri, unazikuta kwenye maduka ya vinyago Arusha, au Mamba kule Kilimanjaro kwa wahunzi wa Kichaga, au Kamukunji Nairobi kwa jamaa wa jua kali. Mimi nanoa na kuuza, na kabla sijataja bei naangalia kitu kimoja kwanza, chuma kimepitishwa kwenye moto sawasawa au la. Mpini mbovu unatoa unaweka mwingine, ala unashonesha, ila bapa laini ni kazi ya kubomoa kila kitu na kurudi kwa mhunzi, na hiyo hela huirudishi.

Beba tupa ndogo yenye meno mazima, fito ya brasi unene wa penseli hivi, mafuta ya taa kidogo kwenye kichupa, chaki na kitambaa. Sumaku iache nyumbani. Watu wanaisifia sana lakini nondo inanasa sumaku, springi inanasa, hata stenlesi nyingi za visu zinanasa, sasa itakuwa imekwambia nini?

Hatua ya kwanza, uliza chuma kimetoka wapi, na uliza kwa heshima maana ukija na mdomo wa kujua sana mzee atakujibu anachotaka. Mara nyingi utasikia springi ya gari, tupa iliyochoka, au kipande cha msumeno. Springi bapa za gari huwa na kaboni karibu asilimia 0.6, inavumilia kugongwa, ni chuma kizuri cha sime na panga. Tupa nyingi zinavuka asilimia 1, inashika makali kweli ila ikikosewa kwenye kuzimisha, yaani kuchovya chuma cha moto ili kikaze, inapasuka. Akikwambia nondo au bati nene la kawaida, hapo kaboni ni ndogo, hata akichovya mara kumi haikazi ya kutosha, hicho ni kisu cha kutundika ukutani na bei yake iwe ya ukutani.

Hatua ya pili ndo yenyewe, kwahiyo usiikimbie. Omba ruhusa, alafu pitisha tupa taratibu sana pembeni ya makali, sio kwa kukandamiza, anza karibu na mpini, katikati, malizia kwenye ncha. Tupa ikiingia na kutoa unga wa chuma kirahisi, hakijakazwa. Ikiteleza huku inakwangua kidogo tu, hapo mhunzi kazima kwenye mafuta alafu karudisha kwenye joto la kama nyuzi 200 kupunguza ukavu, yaani ile hali ya kumeguka kirahisi, hiyo ndo tunaitaka. Ikiteleza kabisa bila hata mkwaruzo, muulize kama alirudisha kwenye joto, kama hapana basi kikidondoka kwenye sakafu ya simenti kinaweza kumeguka. Mgongo ukiwa laini kuliko makali usilalamike, wahunzi wengi wanazima upande wa makali tu na hiyo ni akili, mgongo unameza kishindo. Cha kuogopa ni ncha kuwa laini wakati katikati pagumu, mara nyingi ni grainda imeunguza wakati wa kumalizia, na ukiona kivuli cha bluu kwenye ncha basi hamna cha kubishana. Wengine wanakifuta kwa msasa, ndo maana nakwambia tupa ifike mpaka mwisho.

Hatua ya tatu, nyufa. Paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa kikauke kabisa, alafu sugua chaki juu yake. Ufa uliokunywa mafuta utayarudisha na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ufa wa kwenye makali rudisha kisu bila maneno, hata kama ni mdogo kama unywele. Alama za nyundo na weusi wa moto sio kosa, mimi navipenda hivyo kuliko vile vinavyong'aa kila mahali.

Nne, kama kimenolewa, laza makali kwa pembe ndogo juu ya fito ya brasi, kandamiza kidogo huku unaangalia kwenye mwanga. Makali mazuri yatapinda kidogo na kurudi. Yakibaki yamepinda ni laini, yakimeguka ni makavu. Sime kwa vile bapa lake ni jembamba na linapanuka kuelekea mbele, unaweza pia kulikunja kidogo kwa mkono, linatakiwa linyooke lenyewe.

Mpini angalia haraka tu, usiwe umelegea, misumari isiwe imechomoza, na gundi isiwe imejazwa kufunika pengo. Mpingo au mninga ni mzuri, lakini rangi nyeusi ya kiatu nayo ipo, kwangua chini kwa kucha. Ngozi nyekundu ya ala ya Kimasai inapandisha bei kwa mtalii, mimi siihesabu kama bapa limefeli.

Bei sasa. Kikipita tupa na chaki, lipa kazi ya mtu, usikamue, kufua springi mpaka iwe kisu ni kazi nzito. Kikifeli tupa toa bei ya pambo au ondoka. Ukikutana na sime ya zamani yenye mpini wake wa mwanzo wa ngozi na weusi wa miaka, hiyo usiipige tupa wala msasa kabisa, wanaokusanya vitu vya kale wanalipia huo weusi, paka mafuta mepesi na uitoe kwenye ala ukiihifadhi, ngozi inavuta unyevu na kutu inaanzia humo ndani.